Boke Ametutegeshea

Ufa ulianzia pembeni mwa dirisha, mwembamba kama uzi wa kushonea, na Rahima alipouona mara ya kwanza alidhani ni njia ya sisimizi. Kiangazi kilipokuwa kinaelekea ukingoni, ulikuwa umeshuka hadi sakafuni. Mtu aliyesimama uani angeweza kupenyeza kidole na kumgusa mgongoni Bi Sophia, mama yake Rahima, akiwa amelala. Kitanda hakikuwa na mahali pengine pa kwenda. Chumba kilikuwa kimoja tu. Upande wa pili palikaa cherehani, meza ya kukatia na mafurushi ya nguo za wateja, na Bi Sophia, kwa magoti yake mabovu, hakuwa mtu wa kulazwa sakafuni.

"Huu ukuta unanipumulia," Bi Sophia alikuwa akisema kila asubuhi, kwa utani. Siku hizi alikuwa akiusema utani huo bila kucheka.

Walikuwa wamekuja Nyamongo kutoka Mugumu, wakifuata dhahabu kwa njia yao. Wengine walifuata mawe; Rahima alifuata suruali zilizochanika. Mchimbaji akipata anataka shati jipya, na asipopata anataka la zamani lishonwe, kwa hiyo fundi cherehani hakosi kazi. Chumba walipewa na Boke, mwanamke wa Kikurya ambaye mumewe, Mogesi, alikuwa machimboni mikoa ya mbali na hakuwa na haraka ya kurudi. Boke alikuwa amemzidi Rahima miaka michache, mwenye mdomo mwepesi na mkono usiotulia. Rahima alimwita dada tangu wiki ya kwanza, kwa adabu. Udada wa kweli ulikuja baadaye, Boke alipougua homa ya matumbo akawa hajitambui. Bi Sophia ndiye aliyekaa naye kituo cha afya, akamwosha, akamgeuza, akamlalia miguuni ili asianguke kitandani. Mama mzazi wa Boke alikufa yeye akiwa mdogo. Boke alipofumbua macho akamwona yule mzee wa Kiislamu akimpepea kwa pembe ya khanga, alimwita Mama, na hakuacha.

Basi Rahima alipokwenda kumwambia habari ya ukuta, alikwenda bila woga.

"Dada Boke, ule ufa umefika chini. Mvua ikianza, ukuta utatulalia."

Boke alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akaja mwenyewe, akaketi kitandani kwa Bi Sophia, akaupima ufa kwa kiganja.

"Shikamoo, Mama. Mwanao huyu ananiletea kesi."

"Marahaba. Mimi sina kesi, mwanangu. Nina ukuta."

Boke akacheka mpaka akamwegemea. Kisha akamgeukia Rahima, akaonyesha kidole uani, ambako mafundi walikuwa wakipandisha vyumba vipya vinne mbio mbio, tofali juu ya tofali. "Hii nyumba ya mbele usiihangaikie, mdogo wangu. Unaona kule nyuma? Nategesha. Mvua haitawakuta humu."

Nategesha. Rahima alilibeba neno hilo kama mtu aliyepewa zawadi. Kwao Mugumu, mawingu yakijikusanya, unategesha ndoo chini ya mchirizi wa bati. Mwezi wa Ramadhani unategesha saa ili usipitwe na daku. Ni neno la mtu anayeona mbele, anayeandaa jambo kabla ya shida kufika. Alimsimulia mama yake upya, ingawa mama alikuwepo na alisikia: "Boke ametutegeshea vyumba." Bi Sophia akainua mikono akamwombea Boke dua, yeye na mumewe na mtama wake.

Kesho yake Rahima aliirudia habari hiyo kibarazani anaposhonea, mbele ya Wegesa, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke ambaye hakuna jambo lililompita.

"Sisi tunahama karibuni. Boke ametutegeshea vyumba vipya."

Wegesa alishika kiuno. Kisha akakaa. Kisha akaweka uso kwenye khanga akacheka mpaka mafuta yakaanza kuungua. "Amewategeshea! Na unalisema hadharani, mbele ya barabara! Haya, na nyinyi mmekubali kutegeshwa?"

"Kwa nini tusikubali? Ni dada yangu."

"Aaa, basi, kama ni dada yako," alisema Wegesa akijifuta machozi. "Mkipata, msinisahau na mimi na kikaango changu."

Rahima naye akacheka. Alidhani Wegesa anacheka Kiswahili chake cha Mugumu. Wegesa kwa upande wake alidhani Rahima ni mmoja wa waliomo kwenye mpango, na ana ujasiri wa kuutangaza. Hivyo kila mmoja alirudi kwenye kazi yake akiwa ameridhika, na hakuna aliyemweleza mwenzake kitu.

Kwa miezi miwili Rahima hakuutaja tena ukuta. Alilipa kodi kama kawaida. Alisokota vitambaa chakavu akavisukumia ndani ya ufa ili upepo usimpige mama. Hata Wegesa alipompa ushauri siku moja ("Paa na kuta ni vya mwenye nyumba, wewe ni wa kufagia na kitasa, kamshtaki kwa mwenyekiti"), Rahima alimjibu kwamba hakuna haja, watu hawashtakiani ndani ya familia.

Siku ya kuhama, Boke aligeuka mchukuzi. Alijitwika godoro la Bi Sophia kichwani, akaimba, akawatania majirani waliosimama kutazama. Chumba kipya kilinuka udongo mbichi. Sakafu ilikuwa vumbi, kuta hazikuwa zimepigwa lipu, lakini juu! Juu kulikuwa na mabati mapya yanayong'aa, na Bi Sophia aliketi kitandani akayatazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Kesho watakuja wageni kuangalia nyumba," Boke alisema akikung'uta mikono. "Wakiuliza, sisi ni familia moja. Si ndivyo tulivyo, Mama?"

"Ndivyo tulivyo," alisema Bi Sophia.

Wageni walikuja na vizibao vya kung'aa, utepe wa kupimia na kamera. Walipima kuta, wakahesabu milango, wakachungulia ndani, wakaona cherehani, sufuria, na mzee aliyevaa khanga nzuri kitandani. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, aliuliza: "Hawa ni wapangaji wako, mama?"

"Wapangaji!" Boke alijibu kama aliyetukanwa. "Huyu ni mama yangu. Na huyu mdogo wangu. Mimi naweza kumpangisha mama yangu?"

Kijana alimtazama Rahima. Rahima akatikisa kichwa kukubali, na kwa kweli machozi yalimlengalenga. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumkania upangaji kwa hasira ya upendo namna ile. Wakapigwa picha watatu mlangoni, Bi Sophia katikati.

Asubuhi iliyofuata Rahima aliamshwa na kelele za misumari ikilia. Mwanga ulimpiga usoni. Alipotazama juu aliona mguu wa mtu, kisha anga, kisha uso wa Ryoba, fundi wa mapaa na kuta, aliyekuwa ameng'oa bati moja na ameshaanza la pili.

"Wewe kijana, mura! Unafanya nini juu ya vichwa vya watu?"

"Samahani, dada. Natoa bati. Mama apishe kidogo, vumbi litamwingia machoni."

"Yana kasoro?"

"Hata. Mazima kabisa." Ryoba akachomeka nyundo mkandani. "Yanaenda kwa shemeji yake Boke, kule bondeni. Wathamini wanafika kwake mchana. Haya mabati mwezi huu yameezeka nyumba nyingi kuliko mimi mwenyewe."

Rahima alisimama na khanga moja, hajaosha uso. "Sasa sisi tutalala wapi?"

Ryoba alimwangalia akidhani anataniwa. "Kwani hii ni nyumba ya kulala? Dada, hii si ya kutegesha? Unajenga haraka haraka, unaweka watu waonekane wanaishi, wathamini wanaandika, unasubiri fidia eneo likichukuliwa na mgodi. Nyumba tupu haiandikwi. Si ndiyo maana nyinyi mkakaa?" Aliona uso wa Rahima, akateremsha sauti. "Hukujua?"

Bi Sophia alikuwa amesikia yote. Aliketi palepale chini ya lile tundu, mwanga umemwagika kwenye mapaja yake, akajifunika kichwa kwa khanga kama mtu aliyeingiliwa akiwa bafuni.

Boke hakujificha. Alikuja mwenyewe, na bado aliwaita mdogo wangu na Mama.

"Rudini mbele tu. Mbona jambo dogo hili?"

"Mbele kuna ufa," Rahima alisema.

"Mmekaa nao mwaka mzima."

"Tumekaa nao kwa sababu ulisema unatutegeshea!"

"Na nimetegesha. Nilikuficha? Mji mzima unajua maana yake." Boke alishika mikono ya Rahima. "Nisikilize. Ile ya mbele imeshaandikwa tangu mwaka jana. Nikiweka tofali moja pale, nimelitupia tingatinga. Nani anapaka wanja maiti? Vumilia. Fidia ikitoka nanunua kiwanja Turwa, mjini, najenga kwa tofali za kuchoma, na chumba cha kwanza ni cha Mama. Naapa."

Ubaya ni kwamba alikuwa anaamini. Rahima aliliona hilo machoni pake, na ndilo lililomchoma zaidi. Laiti angekuwa tapeli wa kawaida, angemtukana yakaisha.

"Na mvua ikija kabla ya fidia?"

"Msogeze Mama upande wa cherehani."

"Na cherehani?"

Boke aliachia mikono yake. "Rahima, usinichoshe."

Wakarudi mbele. Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri, nzito, yenye upepo wa kutoka ziwani. Bi Sophia alikuwa kwenye kiti karibu na mlango anasali, kwa sababu magoti yalikuwa yamemkataza kusujudu. Alipotoa salamu ya mwisho, kulia kisha kushoto, ukuta uliguna, na sehemu ya chini ya dirisha ikaingia ndani. Tofali zililala kwenye mto wake, na maji ya matope yakazifuata. Wote wawili walitazama ule mto.

Boke alipoitwa alisimama uani akiwa amejifunika gunia. Alisema atatafuta turubai. Hakulileta.

Ndipo Rahima alipokwenda kwa Mzee Kisyeri, mwenyekiti wa kitongoji. Shauri lilisikilizwa kwenye kibaraza cha ofisi, watu wamejaa kama kwenye mnada, Wegesa mbele kabisa. Bi Sophia aliletwa kwa bodaboda akakalishwa kwenye benchi.

Mzee Kisyeri alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza Rahima mpaka mwisho, akakohoa. "Mambo haya hayahitaji mganga. Paa, kuta na msingi ni mzigo wa mwenye nyumba. Anapangisha nyumba, hapangishi hatari. Mpangaji akitoa taarifa na mwenye nyumba akapuuza, mpangaji ana haki ya kudai, na nyumba isiyokalika haitozwi kodi. Boke, utajenga lini ukuta wa mpangaji wako?"

Boke alisimama. Alikuwa amevaa vizuri. "Shikamoo, mzee. Mimi sina mpangaji."

Watu wakanong'ona.

"Huyu ni mdogo wangu. Yule pale ni mama yangu. Mwulizeni Rahima: wathamini walipouliza, alikataa? Aliitikia kwa kichwa, akapiga na picha. Ndugu hapangishwi, mzee. Sasa mtu na dada yake wamekosana kidogo nyumbani, ndiyo aje kushtaki ofisini?"

"Nakulipa kodi kila mwezi!" Rahima alipiga kelele.

"Ananipa mchango wa nyumba," alisema Boke, bila kumtazama. "Kama ndugu."

Rahima alikuwa ameingia pale akiwa na ufa, tofali na mto uliolowa, ushahidi wa kutosha kumshinda mwenye nyumba yeyote. Hakuwa amejiandaa kushindwa na mapenzi. Kila kitu kizuri walichowahi kuambiana na Boke, kila dada na kila mdogo wangu, sasa kilikuwa kimesimama upande ule mwingine wa kibaraza.

Wegesa alifoka: "Huyo ndugu yako basi, mbona anakaa kwenye matope na wewe una sakafu ya saruji?"

Watu wakacheka. Mzee Kisyeri hakucheka. Alimgeukia Boke taratibu. "Neno la Wegesa lina uzito. Ukiwa na mama, huwezi kumwacha chini ya ukuta unaoanguka halafu ukakaa na sisi hapa. Chagua. Ni mpangaji, ujenge ukuta wake. Ni mama yako, alale kwako leo hii."

Boke alimwonyesha Bi Sophia kwa mkono. "Ni mama yangu. Namchukua. Chumba cha Mogesi kiko wazi, kikavu, kina kitanda cha futi sita. Mama hatakosa kitu."

"Na Rahima?"

"Rahima ni mtu mzima, ana mikono. Ajitafutie."

Mbele ya Bi Sophia kulikuwa na chumba kikavu, bila kungoja fundi wala mvua ipungue. Rahima alimtazama mama yake na, kwa aibu yake mwenyewe, alitamani akubali. Angalau mmoja wao apone. Yeye angelala hata kibarazani kwa Wegesa.

"Bibi," Mzee Kisyeri akasema, "umesikia. Wewe ndiye utakayelala. Boke ni mwanao?"

Bi Sophia alikuwa ameinamisha uso akikunja na kukunjua pindo la khanga.

"Nilimlalia miguuni," alisema. "Watu wa kituo waliniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema ni mwanangu. Sikuombwa kusema. Nilisema mwenyewe, na wala hapakuwa na kamera."

"Mama," Boke alisema.

Bi Sophia aligeuka kwa kuitwa, kwa mazoea. Alimtazama Boke mpaka Boke akainamisha macho.

"Andika mpangaji," alisema.

"Bibi, unaelewa neno hilo litafika wapi?" Mzee Kisyeri aliuliza. "Vile vyumba vya nyuma viliandikwa kwamba vina watu wa familia. Nikiandika hivi, wathamini watauliza. Boke atapoteza fidia."

"Mimi ni mpangaji, mzee. Ninalala nyumba ya watu na mwanangu mmoja, fundi cherehani. Andika hivyo."

Mzee Kisyeri akatamka uamuzi: ukuta ujengwe wiki hiyo hiyo, mchirizi wa bati uwekwe, na kodi isiulizwe mpaka chumba kikalike. Watu walianza kuongea kwa pamoja. Rahima alikuwa ameshinda, na alishangaa jinsi ushindi ulivyomkaa vibaya, kama nguo ya mtu mwingine. Alimshika mama yake mkono mmoja ili amwinue. Mkono wa pili ulishikwa na Boke, ambaye alikuwa amevuka kibaraza bila mtu kumwona.

Bi Sophia aliuvuta mkono wake taratibu, akauingiza ndani ya khanga. Akabaki ameketi mpaka Wegesa alipofika.

"Mngeniambia nyumbani," Boke alisema. "Mngekuja kuniambia kama ndugu. Mmeniuza mbele za watu."

Rahima alitaka kumjibu kwamba walimwambia nyumbani, tena akiwa ameketi kitandani kwao, ameweka kiganja chake kwenye ule ufa. Lakini Boke alikuwa ameshageuka, anapenya katikati ya watu akienda.

Ryoba alikuja kesho yake na tofali za kuchoma. Alifanya kazi kimya, jambo lisilo la kawaida kwake, akiwa upande wa nje, na ukuta ulivyopanda ndivyo alivyozidi kupotea: magoti, kifua, mabega. Bi Sophia aliketi kwenye kiti kwa ndani akimtazama.

"Ryoba, mwanangu. Yule Boke, homa yake haijamrudia? Ilikuwa na kawaida ya kumtikisa mvua zikianza."

Ryoba alifuta mwiko kwenye tofali. Alimtupia jicho Rahima, kisha akaangalia chini.

"Amesema nisizungumze na wapangaji, bibi. Nijenge niondoke."

Rahima akasimamisha cherehani.

"Sawa," alisema Bi Sophia. "Basi jaza vizuri pale chini. Pameingia maji."